Mgonjwa wa Sitini na Tatu

Mbeya,
8 Novemba 1976

Dada Severina,

Kamwene. Natumaini hapo Igowole nyote mmeamka salama, wewe, shemeji Danieli, binti yenu Esta na mama. Mimi mzima, ila mafua ya Mbeya hayajaniacha tangu Septemba. Mvua zimeanza, na kutoka Iyunga mpaka hospitali nafika suruali imelowa hadi magotini. Mwambie mama mchele wake wa Usangu upo. Ameuleta Masunga, yule Msukuma mfuga ng'ombe niliyempasua ngiri mwaka jana. Utakuja na lori la kwanza litakaloelekea Mafinga.

Nimezunguka, sasa niseme lililonikalisha kuandika.

Wizara imetuletea tangazo. Hospitali moja ya chuo kikuu, Uingereza, inachukua madaktari wapasuaji wanne iwafundishe kupandikiza figo, yaani kutoa figo kwa mtu mzima na kumtia mwingine ambaye zake zimekufa. Nafasi moja ni ya nchi zetu. Dada, naitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Fomu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mahali uliposomea, hiyo nimejaza: Dar es Salaam, kisha miaka mitatu chini ya mabingwa wa upasuaji. Ya pili ni operesheni ulizofanya kwa mkono wako. Nimepekua vitabu vyote vya chumba cha upasuaji nikapata elfu moja mia moja na arobaini. Utumbo uliojisokota, mawe ya kibofu, mifuko ya uzazi iliyopasuka. Ya tatu ni utafiti. Imeachiwa nusu ukurasa, na mimi sina hata mstari.

Ndipo nikakumbuka lile daftari lako jeusi la zahanati, la wagonjwa wa kuvimba. Ulilianza mwaka 1968 na nadhani sasa limefika wagonjwa sitini. Hakuna daktari nchi hii mwenye kitu kama hicho. Nitumie. Fomu inafungwa tarehe 31 Machi.

Mdogo wako,
Joachim


Igowole,
2 Desemba 1976

Mdogo wangu Joachim,

Barua yako ililala Mafinga siku kumi na moja, eti gari la posta limevunjika springi. Nimeipata. Na mchele umefika, mama amewagawia majirani nusu kabla sijarudi kazini.

Hapa tunaendelea. Mama hana meno ya mbele tena lakini mdomo bado anao. Danieli amepanda mahindi mara mbili, ya kwanza yamesombwa na maji. Tangu watuhamishie huku kwenye nyumba za mstari hakuna anayejua maji yatapita wapi. Kule kwetu kwa zamani tulijua. Akina mama wanajifungua kila siku kama waliopatana, na msaidizi wangu yuko likizo. Esta anakusalimia. Yuko nyumbani.

Nimefurahi kwa hilo tangazo. Daftari lipo. Jalada limetafunwa na panya. Nikipata nafasi nitaliangalia.

Usilale na nguo mbichi.

Dada yako,
Severina


Mbeya,
3 Januari 1977

Dada Severina,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi nilikuwa zamu. Gari lilipinduka huku upande wa Mbalizi, tukapasua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na sikuonja hata pilau. Mama anaendeleaje na kifua? Na Esta, mbona yuko nyumbani na shule zilikuwa hazijafungwa ulipoandika? Au amefaulu mapema kuliko wenzake?

Dada, sikuelewa maneno yako, "nikipata nafasi nitaliangalia." Sikuombi uliangalie. Naomba ulitume.

Labda sikueleza vizuri. Mkuu wangu wa kazi amenionyesha karatasi yenye habari za waliochukuliwa mwaka jana. Mmoja alikaa miaka minne akichunguza damu ya ndugu, ipi inapatana na ipi. Wa pili amepandikiza figo za mbwa mia mbili. Wa tatu ameandika makala saba kuhusu namna mwili unavyokikataa kiungo cha mtu mwingine. Wote wamelelewa ndani ya maabara. Mimi nimelelewa na taa ya karabai na muuguzi mmoja wa kushika mguu wa mgonjwa. Nikishindana nao kwa utafiti bila daftari hilo, sitasomwa hata jina.

Lako lina kitu wasichonacho: watu wale wale, mwaka baada ya mwaka. Uliandika nani alivimba, mwezi gani, alikuwa na upele au alitoka kuumwa koo, mkojo ukichemshwa uliganda kiasi gani, na akirudi baada ya mwaka yukoje. Alinanuswe, karani wetu wa kupiga taipu, amekubali kunipigia kurasa zote. Analingoja kuliko mimi.

Mpe dereva yeyote wa basi.

Joachim


Igowole,
6 Februari 1977

Joachim,

Kamwene. Kifua cha mama kimepoa. Jana tumeandamana tangu asubuhi kwa ajili ya chama kipya, tukaimba, tukasimama juani, na leo miguu imekuwa kama magogo. Mashamba ya mahindi yamestawi, ila sukari hakuna, tunakunywa chai kavu, wengine wameamua bora ulanzi, pombe ya mianzi.

Daftari mwandiko wake mbaya. Mengine nimeandika Kihehe, na mengine kwa alama zangu mwenyewe. Nafikiri ninakili upya ndipo nitume.

Kuna jambo nataka kukuuliza kabla. Hiyo kazi ya kupandikiza, mtu akianza kujifunza leo, itamchukua muda gani hadi aweze kuifanya peke yake? Na figo yenyewe inatoka kwa nani? Mama anaweza kumpa mwanawe? Na mgonjwa ambaye figo zimeanza kuchoka, lakini bado anatembea, anaweza kungoja miaka mingapi?

Nijibu hayo vizuri, usiyaruke.

Severina


Mbeya,
21 Februari 1977

Dada Severina,

Nakujibu. Muda ni miaka mitatu au minne. Figo hutoka kwa marehemu au kwa ndugu, na mama anaweza. Kungoja ni miaka miwili, mitatu, inategemea mtu. Mashine ya kumsafishia damu anayengoja hapa kwetu hatuna. Hayo yote ningekueleza kwa mdomo siku yoyote. Sielewi kwa nini unayauliza badala ya kutuma nilichoomba.

Usinakili. Zimebaki wiki tano. Mipaka ya Kenya imefungwa na barua za Ulaya zinachelewa, kwa hiyo nina wiki tatu tu. Kila basi la Iringa likiingia namtuma mtu stendi, anarudi mikono mitupu. Alinanuswe ameacha hata kuuliza.

Nimejizuia tangu Desemba, leo nitasema. Baba alipokuwa na nafasi ya kumpeleka mmoja sekondari, alinichagua mimi, na wewe ndiye uliyekuwa na akili zaidi. Kila mtu anajua. Mimi pia najua. Lakini sikujichagua mwenyewe, dada. Kama una kinyongo, ungenitukana wakati ule, tungekuwa tumemaliza. Kunifungia mlango leo, kimya kimya, huku unaniuliza habari za mama kumpa mwanawe figo, si haki.

Joachim


Igowole,
12 Machi 1977

Joachim,

Daftari amelibeba Saulo, dereva wa lori la mbao. Ni lenyewe, sikunakili.

Nilitaka kuchana kurasa mbili za mwisho. Nilizishika kabisa. Nikashindwa. Daftari ni daftari. Nikichana ukurasa mmoja, na zile nyingine zote zimekuwa uongo.

Kuhusu baba, umesema kweli, nilikuwa na akili zaidi. Lisome mpaka mwisho, ndipo unitukane tena.

Severina


Mbeya,
14 Aprili 1977

Dada yangu,

Nimefika salama. Basi lilikwama Makambako kwa muda wa saa tano, abiria wakagombana na dereva, mimi nikakaa tu.

Nilipokuwa kwenu nilishindwa kusema hili mbele ya Danieli, na mbele yako nikalimeza. Acha niliandike.

Daftari lilinifikia tarehe 16. Nilifanya kama mtu wa njaa aliyetupiwa ugali. Siku tatu nilijumlisha. Wagonjwa sitini na watatu. Arobaini na mmoja walikuwa na upele au koo mwezi uliotangulia. Tisa wamekufa. Wengi walipona kabisa, na wachache walionekana kupona, kumbe figo zinakwenda pole pole. Hesabu ilikuwa nzuri, dada, nilifurahi hadi nikapiga mluzi ofisini. Alinanuswe akapiga taipu, nikaweka jina langu juu, nikapeleka posta tarehe 21.

Kesho yake nilikuwa nalifunga daftari kwenye karatasi nikurudishie, likafunguka mwisho. Wa sitini na tatu. "E., msichana, miaka 14, Agosti 1976, amevimba uso na miguu, mkojo umeganda kama ute wa yai." Nilikuwa nimeshausoma mstari huo. Nilikuwa nimeshamtia kwenye jumla. Ila safu ya kijiji sikuwa nimeitazama, kwa sababu fomu haikuihitaji. Umeandika: "Nyumbani kwangu."

Nilimhesabu kabla sijamtambua. Na wiki nne nyuma nilikuwa nimekuandikia yale ya kinyongo.

Damu tuliyomtoa nimeipima. Figo zake zinafanya kazi nusu, labda chini ya nusu. Haziumi, ndiyo maana anacheka na kuchota maji. Zitaendelea kupungua.

Nimeamua. Nikiitwa Dar kwa usaili, sitakwenda. Nitaomba uhamisho nije huko karibu.

Nisamehe.
Joachim


Igowole,
2 Mei 1977

Joachim,

Sasa umejua kwa nini sikutuma. Nilijua utafanya hivi hivi. Tangu utoto ukiona mtu analia unaacha jembe.

Uje huku kufanya nini? Kumpima mkojo? Mimi naupima kila Jumatatu. Kumkataza chumvi? Nimeshamkataza, na mama yangu na yako humtilia kwa siri, nimemgombeza kama mtoto. Kushika mkono wake? Anao baba. Kisu ndicho hatuna. Nchi nzima hatuna.

Wakikuita, nenda. Na huko usianze kueleza habari za nyumbani, watakuona mtu wa kulia. Jibu walichouliza.

Esta amerudi shule kwa nusu siku. Ameshona kitambaa, anasema ni chako.

Severina


Mbeya,
20 Juni 1977

Dada Severina,

Baridi imeanza huku, na kwenu najua majani ya chai yameungua kwa jalidi. Mfunike Esta kifua. Koo likimuuma hata kidogo, mchome penisilini, usingoje.

Nilikwenda Dar. Walikuwa watatu, mmoja wa Wizara na wazungu wawili waliotoka Uingereza. Kwa operesheni hawakunisumbua. Mmoja alisoma orodha akamnong'oneza mwenzake kwamba wanafunzi wao humaliza mafunzo bila kuona nusu ya hizo. Kisha akachukua karatasi za utafiti.

"Miaka minane ya kufuatilia wagonjwa. Uliwezaje, nawe ulikuwa Dar?"

Ningeweza kujibu lolote. Nikasema, "Sikuwafuatilia mimi. Ni dada yangu."

"Ni daktari?"

"Ni muuguzi wa zahanati."

"Jina lake silioni."

"Halimo. Ni kosa langu. Linatakiwa liwe la kwanza."

Wakatazamana. Yule wa Wizara akainamisha kichwa kama mtu aliyemwagiwa mchuzi. Mzee wao akaniuliza, "Basi wewe umefanya nini katika kazi hii?"

Nikasema, "Nimejumlisha."

Nikaondoka nikijua yamekwisha. Jana barua imekuja: wamenichukua. Lakini kwa kuwa utafiti si wangu, nitaanza maabara kwa miaka miwili badala ya mmoja. Miaka miwili ya kushona figo za mbwa kabla sijaruhusiwa kusimama mbele ya mtu. Yote pamoja miaka mitano. Na nikirudi, lazima chumba kijengwe, mashine iletwe, wauguzi wafundishwe.

Niliwaandikia pia kama Esta angeweza kupokelewa kule. Wamejibu kwa mstari mmoja, kwamba hayo ni mambo ya serikali kwa serikali. Wizarani nimeambiwa foleni ya wagonjwa wa kupelekwa nje ni ndefu, na wanaotazamiwa kupona ndio hupelekwa kwanza.

Nimeandika barua ya kukataa nafasi. Ipo mezani, bado sijaitia stempu.

Joachim


Igowole,
10 Julai 1977

Joachim,

Nani alikutuma kutaja jina langu?

Miaka minane niliandika lile daftari bila kuhitaji mtu anijue. Uliulizwa swali dogo, na ungejibu dogo. Sasa umemchukulia Esta mwaka mzima kwa ajili ya jina langu. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nilitaka uwe hapa nikuchape. Danieli aliniambia, "Lakini wewe mwenyewe ulishindwa kuchana ukurasa." Nikamwambia atoke nje.

Najua. Usiniandikie kwamba najua.

Juzi Esta amevimba tena, siku nne, kisha amekauka. Kilo zake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Shule ameacha, anasema kichwa kinagonga. Amekuwa mkali, mtu wa kujibu. Zamani hakuwa hivyo. Nilimweleza ugonjwa wake, kwa sababu aliuliza. Aliniuliza figo yangu itamfaa, nikasema itamfaa. Akauliza nani atakata, nikasema mjomba wako anakwenda kujifunza. Ndiyo hivyo, nimeshasema, huwezi kunifanya mwongo.

Choma hiyo barua ya mezani. Ukienda sitakusamehe, na ukibaki sitakusamehe. Katika hayo mawili bora uende, angalau kutakuwa na mtu mmoja anayejua kitu.

Basi lako la kwenda Dar litasimama Mafinga. Mwandikie Danieli tarehe, mimi zahanati siwezi kuiacha. Danieli atamleta Esta stendi akuage dirishani. Usishuke. Ukishuka hutapanda tena, nakujua.

Severina


Dar es Salaam,
4 Septemba 1977

Dada Severina,

Ndege ni kesho asubuhi. Hapa joto, kila kitu kinanata, hata kalamu. Nimefikia kwa daktari tuliyesoma naye, Yohane, watu wake wamenipokea vizuri.

Nilishuka.

Walikuwa wamesimama karibu na wauza chai. Esta amevaa malapa ya baba yake kwa sababu viatu vyake havimwingii. Nikainama nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, kama nifanyavyo wodini. Akaurudisha nyuma.

"Mjomba, usinipime hapa, watu wanatuangalia."

Nikamwomba radhi. Akanipa kile kitambaa. Akaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia miaka mitano.

"Nitakuwa na ishirini," akasema.

"Ndiyo."

"Nitakuwa nimeshaolewa, labda sitakuwa na haja na wewe," akasema, akacheka. Danieli akageukia upande wa barabara akawa anasoma kibao cha mafuta.

Utingo akapiga bati. Nikamwambia ashushe sanduku langu. Kweli nilimwambia, dada, na alishapanda juu ya keria kulifungua. Esta ndiye aliyempigia kelele aliache. Akanishika mkono, mkono wake baridi, akanivuta mpaka mlangoni mbele ya watu wote. "Mama amesema ukishuka nikupandishe." Akangoja hadi nikakaa. Basi lilipoondoka hakupunga. Alikuwa ameinama anavaa lapa lililomvuka.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nimempasua kila aliyeletwa mbele yangu, Mhehe, Msafwa, Msukuma, wengine wakafa mikononi mwangu, lakini sikuwahi kumdanganya mgonjwa anayenitazama machoni. Esta alisema ishirini, nami nikamwitikia ndiyo, na wewe na mimi tumeisoma ile damu.

Nilitaka nikuombe umwambie kweli. Nimeuandika mstari huo mara mbili na kuukata mara mbili. Endelea kumpima Jumatatu. Mama asimpe chumvi. Niandikie kilo zake, hata zikiwa mbaya, zikiwa mbaya hasa.

Lakini usimwambie kitu. Mwache ahesabu mpaka ishirini.

Mdogo wako,
Joachim